Mkunga Aliyeuchagua Mwaka Wake wa Kuzaliwa

Jambo la kwanza nililoliona kwa bibi yetu, kabla hata sijaijua sura yake vizuri, lilikuwa saa ndogo aliyoibandika kifuani, ikining'inia kichwa chini miguu juu. Nilidhani ameikosea. Baadaye nilielewa kwamba ilikuwa sawasawa kwa yeye anayeitazama kutoka juu, mikono yote miwili ikiwa imempokea mtoto.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1947. Hivyo ndivyo kisemavyo cheti chake, na ndivyo ilivyochapishwa kwenye jalada la ratiba ya mazishi mliyo nayo mkononi. Lakini alituagiza tusimzike na uongo mgongoni, nami ndimi niliyepewa kazi ya kuutua. Mama yake alisema alimzaa mwaka wa nzige wa mwisho, yaani yapata 1938. Siku wala saa hakuna aliyeandika.

Alipomaliza darasa la nne alitolewa shuleni ili awalee wadogo zake mapacha. Alirudi mwaka 1957, msichana wa miaka kumi na tisa kwenye dawati la watoto wa kumi. Wenzake walimwita Shangazi. Aliitika, akawasaidia hesabu, akamaliza darasa la nane mwaka 1960.

Kwa miaka kumi alifagia wodi ya wazazi katika zahanati, na kwa kuwa mkunga alikuwa mmoja tu, mara nyingi fagio liliwekwa chini. Mwaka 1971 chuo cha ukunga kilitangaza nafasi kwa wasiozidi miaka ishirini na mitano. Yeye alikuwa na thelathini na mitatu, na hana cheti cha kuzaliwa. Akaenda ofisi ya usajili, akataja 1947. Karani alimtazama juu hadi chini, kama fundi cherehani.

"Dada, huo mwaka unakutosha?"

"Unanibana kidogo kiunoni," alijibu. "Nitauvaa hivyo hivyo."

Karani aligonga mhuri. Tarehe 8 Februari 1975 karani huyo alimwoa, na hadi alipofariki mwaka 2009, babu alijigamba kuwa ndiye mume pekee aliyemzaa mkewe kwa kalamu.

Bibi alifanya ukunga kuanzia 1974 hadi 2002. Kila mtoto alipotoka, alitazama saa, akautaja muda kwa sauti, akauandika kwenye plasta na kuifunga mkononi mwa mtoto kabla hajamkabidhi kwa mama yake. Hakutaka mwingine aje aulizwe alizaliwa lini, abaki kutaja nzige. Kwa cheti, alistaafu akiwa na miaka hamsini na mitano. Kwa kweli, sitini na minne. Ile miaka tisa aliyoikata mwanzoni aliirudisha yote kazini.

Nilipohitimu mwaka jana nilimuuliza, kwa ujuaji wa msomi mpya, angependa kuzaliwa enzi gani. Nilitegemea aseme enzi yetu.

"Mjukuu wangu, mimi nilishachagua, tena kwa mhuri," alisema, na ndipo aliponisimulia haya yote. Nikamng'ang'ania: na leo je, angechagua ipi? 

"Ya kwenu nisingeichagua. Nyinyi mmeshaandikwa wote. Kule nyuma ndiko nilikokuwa na kazi."

Machi mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Dada yangu ni mjamzito, naye miguu yake imevimba. Walikuwa wakikaa kitandani wakilinganisha vifundo, bibi akidai ameshinda. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Mama aliitazama ile saa, akataja kwa sauti: saa mbili na dakika kumi asubuhi. Akaandika kwenye plasta, akaifunga mkononi mwa mama yake.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na wale mapacha aliowalea, walioketi hapa mbele. Bibi yetu alale kwa utulivu. Kitukuu wake wa kwanza anatarajiwa mwishoni mwa Novemba. Saa tumeitia ufunguo, imo kwenye mfuko wa dada wa kwendea hospitali, na inatembea.