Mwalimu Rahabu Obadia, Aliyefukuzwa kwa Kueleza Kiingereza Kilikotoka

Marehemu Mwalimu Rahabu Obadia alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 hapa Kilimatinde, mtoto wa tatu wa Mzee Obadia na Mama Yasinta, wafugaji na wakulima wa mtama.

Alianza shule ya misheni mwaka 1948. Siku moja alichapwa kwa kuongea Kigogo darasani, akarudi nyumbani akamwuliza baba yake kama Kigogo ni tusi. Mzee akamjibu, "Ndiyo lugha niliyomposea mama yako."

Alihitimu ualimu mwaka 1959, akafundisha Kiingereza katika shule za Ihanja, Mitundu na Manyoni hadi alipostaafu serikalini mwaka 1994. Mwaka 1966 alifunga ndoa na marehemu Isaka, karani wa stesheni ya reli Manyoni.

Biashara huria iliporuhusiwa, shule binafsi za Kiingereza nazo zikaanza. Moja ilimwajiri mwaka 1996. Tumeombwa tuseme aliondoka pale kwa sababu ya uzee. Hatutasema hivyo. Alifukuzwa.

Mtoto Nasma wa darasa la pili alimwamkia mpishi wa uji kwa Kigogo: "Mbukwa." Kwa kosa hilo akavishwa shingoni kibao kilichoandikwa kuwa yeye ni mjinga. Mwalimu Rahabu alikivua, akakivaa mwenyewe, akaingia nacho darasani. Aliwaeleza watoto kwamba Kiingereza kilifika kisiwani kwa Waingereza pamoja na makabila yaliyovuka bahari, na kwamba baadaye walikuja watawala kutoka Ufaransa waliokidharau kwa miaka mingi.

"Ng'ombe akiwa zizini aliitwa 'cow', kwa lugha ya wachungaji," alisema. "Nyama yake ikifika mezani kwa mabwana inaitwa 'beef', neno la Kifaransa. Wachungaji hawakunyamaza. Walikopa maneno waliyoyataka, wakaendelea kuongea na watoto wao kwa lugha yao. Ndiyo hiyo mnayojifunza leo."

Mwenye shule akamwita. "Mwalimu, wazazi wanataka Kiingereza."

"Ndicho ninachofundisha, pamoja na kilikotoka."

"Vua kibao, uombe radhi."

"Kibao nitavua. Wa kuombwa radhi ni Nasma."

Siku hiyo hiyo alitolewa getini.

Jumatatu iliyofuata baba yake Nasma, Bwana Mansuri wa duka la vitenge, alifika barazani kwa mwalimu amemshika mtoto mkono. "Shikamoo mwalimu. Mfundishe Kiingereza, lakini asimwonee aibu bibi yake anayemsemesha Kigogo." Wazazi wengine wakafuata, na baraza likajaa. Mwaka uliofuata shule ile iliondoa vibao, kimyakimya.

Septemba 1999 alipatwa na kiharusi. Kiingereza kilimtoka chote, Kiswahili kikabaki vipande vipande, Kigogo kikabaki kizima. Walikuwepo waliosema ameadhibiwa. Yeye alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaendelea kufundisha kwa Kigogo, binti yake Dorika akitafsiri kwa Kiingereza. Aliwafundisha mpaka wiki yake ya mwisho. Alifariki tarehe 2 Februari 2000, nyumbani kwake Manyoni.

Ameacha watoto watatu, Dorika, Antipasi na Leonidas, wajukuu tisa, na wanafunzi ambao wengi wenu mmesimama hapa.

Ibada ya kaburini itaongozwa kwa Kigogo, kama alivyoagiza. Asiyeelewa amwulize jirani yake, na jirani ajibu kwa sauti. Mama yetu apumzike kwa amani.