Mama Penseli na Mstari Uliobaki Mtupu

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, chakula hakitakimbia. Leo tunamkumbuka mama ambaye huenda ndiye aliyeandika jina lako. Ndiyo, wewe unayenisikiliza. Kitoe cheti chako cha kuzaliwa utazame mwandiko. Ukiona herufi zimesimama wima, kila moja imejitenga na jirani yake kama watu walionuniana kwenye foleni, basi hiyo ni kazi ya mkono wake.

Alikuwa karani wa vizazi. Miaka thelathini na mitatu hadi alipostaafu, dawati lile lile, dirisha lile lile. Watu walimwita Mama Penseli. Ametutoka wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sitini na minane. Ameacha mume, fundi seremala, na mtoto mmoja wa kiume, mwalimu. Ameacha na paka. Huyo paka msimdharau, tutarudi kwake.

Aliandika majina ya watoto maelfu. Lakini kulikuwa na mstari mmoja, wa mtoto wake mwenyewe, uliobaki mtupu kwa miaka arobaini na moja.

Kwanza nikupelekeni ofisini kwake. Chumba cha mwisho kwenye korido. Feni inazunguka huku inalalamika. Benchi refu la wazazi, limeng'arishwa na makalio ya watu. Na mlango wa nyuma unaofungukia uani, penye tangi la maji na kamba ya kuanikia matambara ya kudekia.

Ule mlango wa nyuma ndio uliokuwa na maajabu yake. Mzazi akifika na jina, Mama Penseli hakushika kalamu. Alishika penseli. Analiandika jina taratibu, halafu anainua macho juu ya miwani: "Haya, mzazi. Toka uani ukaliite mara tatu."

"Niite nani, mama? Mtoto si huyu hapa kalala?"

"Liite kama anacheza huko mbali na chakula kiko mezani. Ukiona haya kuliita wewe, yeye atalibeba vipi miaka sabini?"

Na watu walitoka, wasikilizaji. Baba mmoja alikuja na majina manne ya mtoto wa wiki mbili. Akatoka uani, akayaita yote, mara ya kwanza, mara ya pili. Alirudi anahema. "Mama, bakisha mawili. Hayo mengine yatanikata pumzi." Baba mwingine alitaka mwanawe aitwe Mkurugenzi. Mama Penseli akamtazama. "Na akipata kazi ya kufagia, mkurugenzi wake atamwitaje?" Benchi zima lilicheka, na baba mwenyewe akacheka.

Lakini hakuwa mtu wa mzaha tu. Karani anayekalia dawati lile sasa alifundishwa kazi na yeye. Anamkumbuka binti mmoja aliyekuja peke yake, mtoto mgongoni, hana wa kushauriana naye. Alikwenda uani akaita kwa sauti ya kunong'ona, kama anaomba radhi. Mama Penseli akanyanyuka, akamfuata, akamshika bega. Akamwambia, "Mwanangu, mwite kama unataka aje." Yule binti akaita hadi wapita njia wakageuka. Alirudi ndani analia na kucheka kwa pamoja, na jina likaandikwa kwa wino.

Wakija mke na mume wanaovutana, huyu anataka jina hili, yule anataka lile, hakuwaacha waondoke hivi hivi. "Tuandike moja kwa penseli," alisema. "Penseli inafutika. Mkipatana, rudini nifute. Lakini mstari usilale mtupu." Alikuwa mkali hapo, hana utani kabisa. Siku moja mkuu wake wa kazi alimuuliza kwa nini anajipa kazi mara mbili. Alijibu kwamba penseli ni zake, kanunua mwenyewe, na akaendelea kuandika.

Sasa twendeni nyumbani kwake.

Mume wake alinipokea karakanani, akanifutia vumbi la mbao kwenye kigoda. Ni mzee wa maneno machache. Nilimuuliza kuhusu paka, nikidhani naanza na jepesi. Mzee akaweka randa chini.

Mama Penseli alifuga paka wanne maishani mwake, mmoja baada ya mwingine. Wa kijivu, mweusi, wa mabaka, na huyu wa sasa, mweupe mwenye sikio lililopasuka. Wote wanne aliwapa jina moja. Jina la binadamu, zuri, la kike. Majirani walimtania: "Mama unayewapa majina watoto wa mji mzima, kwako umebakiwa na moja tu?" Yeye alijibu, "Nimelizoea." Na kila jioni alisimama kwenye mlango wa jikoni akaliita mara tatu.

Mume wake, kwa miaka yote hiyo, hakulitamka hata siku moja. Paka alimwita "we paka" au "toka hapo." Alikuwa na sababu.

Miaka arobaini na moja iliyopita walipata mtoto wa kwanza, wa kike. Mama Penseli alikuwa karani mpya, ana miaka miwili tu kazini. Mume alitaka mtoto apewe jina la bibi mzaa baba. Mke alikuwa na jina alilolichagua mwenyewe, alilolibeba moyoni miezi tisa. Wakavutana. Siku ya tatu mume, kwa mdomo tu wa kutaka kushinda, akasema, "Hilo jina la paka hilo."

Mzee alipofika hapo aliokota randa, akaipuliza vumbi, akairudisha chini.

Fomu ilikaa chini ya redio siku sita, ikisubiri waelewane. Siku ya sita mtoto alipandwa na homa. Siku ya saba hakuwepo.

Wasikilizaji wapendwa, fomu ile mama aliijaza mwenyewe, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya kufariki. Jina la baba. Jina la mama. Kwenye jina la mtoto, mstari mtupu. Hawakuwa wamekubaliana, na hakuwa na nguvu ya kuanza tena.

Miezi mitatu baadaye alileta paka wa kijivu nyumbani, na mume akasikia jina linaitwa mlangoni.

"Nilijua ananichoma," mzee aliniambia. "Nikasema moyoni, haya nichome, nimeyataka mwenyewe. Sikumuuliza. Naye hakusema. Tukaishi vizuri tu, usidhani vibaya. Tulicheka sana mimi na yeye. Lakini hapo hatukupagusa."

Mwana wao mwalimu alizaliwa baada ya miaka minne. Yeye anasimulia hivi: "Mama alisema baba achague. Baba alisema mama achague. Walitupiana siku nzima kama sahani ya moto. Mwishowe wakanipa la babu, na hakuna aliyefungua mdomo kupinga."

Mwaka huu Mama Penseli akaugua. Miguu ikakataa. Jioni moja, akiwa kitandani, akamwambia mumewe, "Paka hajaingia. Niitie."

Mzee akaenda mlangoni. Akapiga miluzi. Akagonga sahani. "Hivyo haji," mke akasema kutoka chumbani. Mzee akalitamka, chini chini. Na kutoka kitandani ikaja sauti ile ile ya ofisini: "Mwite kama unataka aje."

Akaita. Akaita tena. "Paka alikuwa keshaingia kitambo," mzee aliniambia. "Yuko miguuni kwangu ananitazama. Mimi bado naita."

Aliporudi chumbani mkewe alikuwa amejifunika shuka hadi machoni. Mzee akakaa ukingoni mwa kitanda. Akauliza swali ambalo hakuliuliza miaka arobaini na moja: "Ulikuwa unanikomoa?"

"Hapana, baba," akasema. "Nilitaka tu liitwe. Angalau kila siku liitwe."

Mama Penseli alifariki siku tisa baadaye.

Baada ya mazishi mzee alivaa shati lake safi, akaenda ofisi ya vizazi. Akamwambia karani anataka kuujaza mstari. Karani akaenda kabatini, akarudi na kitabu cha zamani. Ndani yake kulikuwa na fomu ya kuongeza jina, karatasi imegeuka rangi ya chai. Fomu ile inataka saini za wazazi wawili. Ya mama ilikuwepo tayari, kwa wino, tangu mwaka ule ule. Jina lilikuwa limeandikwa kwa penseli, limefifia lakini linasomeka. Nafasi ya baba ilikuwa wazi.

Miaka yote ya kazi yake kitabu kilikuwa hatua tatu nyuma ya kiti chake. Hakumwomba saini. Alingoja aje mwenyewe.

Mzee akanyoosha mkono kuomba kalamu. Karani akamzuia kwa upole. "Mzee wangu, utaratibu ni ule ule. Uani kwanza."

Akatoka. Akasimama kando ya tangi la maji, mtu wa miaka sabini na mbili, akamwita binti yake mara tatu. Kwenye benchi wazazi waligeuka kutazama, hata wasiojua kitu. Kisha akarudi, akatia saini, na karani akapitisha wino juu ya penseli.

Nilimuuliza jina lenyewe. Mzee alinikatalia. "Mengine yote yatangaze. Hilo nimechelewa sana kulitaja. Niache kwanza nilitaje mimi."

Tunatoa pole kwa mzee wetu, kwa mwalimu, na kwa kila mtu aliyetoka kwenye ule mlango wa nyuma akiwa na jina mkononi. Nanyi wasikilizaji, leo jioni mtazameni mtu wa nyumbani kwenu ambaye mlimfungia mdomo kwa neno moja la kutaka kushinda. Muulizeni alikuwa anataka kusema nini. Msingoje shuka limfunike.

Nilipokuwa naaga, mwalimu alimuuliza baba yake, "Sasa jina limekwenda kwa dada. Huyu paka tumbadilishie?"

Mzee alimtazama yule paka mwenye sikio lililopasuka, amelala juu ya maranda ya mbao.

"Mwache nalo," akasema. "Yeye na wenzake ndio waliotutunzia."