Mistari Sita ya Mzee Silas Nancarrow, 1858–1934

Ni nani kati yetu tuliosimama hapa ambaye hakuwahi kumwita mzee huyu kichaa? Mpwa wake Petroc Hosking, anayewasomea wasifu huu, alimwita hivyo, tena kwa maandishi. Basi leo, angalau, tumsikilize.

Marehemu Silas Nancarrow alizaliwa hapa Porthgarrow tarehe 3 Machi 1858, mtoto wa pili wa fundi wa matanga Hannibal Nancarrow na mkewe Thomasine. Alisoma shule ya kanisa hadi alipotimiza miaka kumi na mmoja, akatolewa kwenda kushona matanga karakanani kwa baba yake. Elimu iliyobaki alijipatia mwenyewe kwa vitabu vya kuazima.

Meli za moshi zilipoyafukuza matanga, akawa karani wa bandari. Baharia hakuwa kamwe. Bahari ilimvuruga tumbo vibaya, na wavuvi hawakumwacha apumue. "Silas, leo usioge," walimwambia akipita gatini. "Beseni likitikisika utatapika!" Alicheka nao, kisha akaenda nyumbani kuandika dhoruba ambazo wavuvi hao hao walizisoma mioyo ikiwaenda mbio. Riwaya yake, *Vijana wa Merikebu Sabrina*, ilichapwa London mwaka 1894. Wengi wenu mlikwenda baharini kwa sababu yake.

Alifunga ndoa na Loveday Tregear, binti wa nahodha wa mashua ya uokoaji, tarehe 9 Juni 1886. Loveday alisomewa kila sura ya kitabu kile akikanda mkate wa zafarani. Katika sura ya tisa, shujaa anajitia kitanzi cha kamba kiunoni na kuogelea hadi kwenye merikebu iliyokwama. Hapo Loveday aliacha kukanda.

"We Silas, kitanzi? Kitanzi kinakaza! Utamnyonga mtoto wa watu. Mfunge fundo lisilokaza, chini ya makwapa, kama baba anavyofunga."

"Najua, mke wangu. Lakini fundo hilo litanila mistari sita, na merikebu inazama."

"Basi acha izame."

Walicheka. Kitabu kikaenda London kama kilivyokuwa.

Tarehe 11 Oktoba 1903 jahazi la makaa lilikwama mwambani mbele ya bandari yetu. Jago, mwana wao wa pekee wa kiume, mwenye miaka kumi na minne, alijitia kitanzi kiunoni akajitosa. Wenzake walipoona wimbi limemfunika, walivuta kwa nguvu zao zote, na kila walivyovuta, kitanzi kilikaza. Walimfikisha ufukoni akiwa amekufa. Mabaharia wa jahazi lile walishuka wenyewe kwa miguu maji yalipokupwa.

Marehemu aliwaandikia wachapaji wake abadilishiwe ukurasa wa 143. Walimjibu kwa adabu kwamba kurasa zilikwisha kumiminwa katika vibao vya madini ya risasi vya kuchapia, na kwamba mistari sita haitoshei. Kitabu kikaendelea kuchapwa vile vile. Ndipo alipochukua kalamu na wino na kuanza kuzunguka. Kwa miaka thelathini alibisha hodi shuleni, makanisani na majumbani, hadi miji ya Truro na Penzance, akiomba nakala ya *Sabrina* na kuandika pambizoni mistari sita aliyoidhulumu hadithi yake. Mkewe Loveday, aliyefariki mwaka 1921, hakumkumbusha hata siku moja maneno ya jikoni. Marehemu alisema angeshukuru kama angemkumbusha.

Mwaka 1932 Petroc alirudi kutoka chuoni akiwa na mawazo makubwa, akafanywa katibu wa maktaba ya kijiji. Mwaka huo huo maktaba ilipewa nakala mpya ya *Sabrina*. Petroc alimwandikia mjomba wake barua ya kumpiga marufuku, kwamba vitabu ni mali ya umma na vilindwe dhidi ya kichaa mwenye kalamu. Mzee alikuja mlangoni, barua mkononi.

"Petroc, mwanangu, dakika tano tu. Ndicho pekee kilichobaki bila mistari hiyo hapa kijijini."

"Mjomba, kitabu chenyewe ni uongo mtupu. Kinawadanganya vijana kwamba bahari ni sherehe. Kurekebisha ukurasa mmoja kuna faida gani? Kiache kioze."

"Kitaoza baadaye, baba. Kwa sasa kinasomwa."

Petroc alifunga mlango.

Marehemu aliugua kifua tangu Septemba mwaka huu, mikono ikatetemeka hata kalamu haikushikika. Jumanne tarehe 13 Novemba, saa tisa alasiri, alimwuliza mpwa wake, "Kile cha maktaba?" Petroc akajibu, "Nitakiandika, mjomba." Saa kumi na moja mzee alifariki mikononi mwa binti yake. Petroc alikwenda kulala bila hata kukitafuta.

Ameacha binti, Morwenna, wajukuu watatu, dada yake Jenifer Hosking, na mpwa huyu. Mungu ampe utulivu ambao sisi tulimnyima.

Limebaki jambo moja, na familia imekubali lisomwe. Asubuhi iliyofuata kifo hicho, Petroc alikuwa akienda kwa seremala kuagiza jeneza aliposikia Keziah Pascoe akipiga mayowe gatini. Mwanawe Wella, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa majini akitapatapa, na rafiki yake juu ya ngazi alikuwa akivuta kamba huku analia. "Usivute!" Petroc alipaza sauti. "Legeza! Legeza kamba!" Alijitosa na viatu vyake, akakiinua kichwa cha kijana juu ya maji, akakilegeza kitanzi kwa meno. Wella alikohoa, akatapika maji, akavuta pumzi. Alama nyekundu ilikuwa imemzunguka kiuno chote.

"Nani kakufundisha kufunga hivi?" Petroc alimwuliza.

Kijana alimtazama kwa mshangao. "Wewe, bwana. Jumamosi uliniazima kitabu."