Historia ya Micheline Tumukunde, Aliyeuliza Nyumba Nyingi na Kunyamaza

Padri, shemeji yangu Papa Jules Ntabaza pamoja na watoto, wazee wetu, majirani, na ninyi wageni mliovuka daraja kutoka Bukavu, mimi ni Parfait Karangwa, mdogo wake marehemu, yule aliyeniachia ziwa la mama, na familia imenituma kuwasomea maisha yake, kazi ambayo ningependa kuifanya nikiwa na sauti nzuri zaidi ya hii niliyoamka nayo.

Micheline Tumukunde alizaliwa tarehe 14 Februari 1969 huko Kadutu, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa mzee Karangwa, fundi wa baiskeli, na mama Nyirabagenzi, Mungu awarehemu wote wawili, Wanyarwanda waliotulea ukimbizini kwa Kiswahili cha mtaani na Kinyarwanda cha mezani, ndiyo maana nasoma kwa Kiswahili na hakuna atakayetushangaa.

Alianza shule ya msingi hapo Kadutu Septemba 1975, akaendelea na sekondari katika mkondo wa ualimu, akapata diploma ya serikali Julai 1988, na tangu siku hiyo akawa mwalimu wetu pia nyumbani, tukitaka tusitake, maana hata kukutuma chumvi alikuwa anakuuliza kwanza umeelewa nini. Alifundisha Bukavu kwa miaka saba, kisha Novemba 1995 familia yetu ikarudi Rwanda, tukafikia hapa Cyangugu, naye akapata darasa Kamembe Januari iliyofuata.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa takatifu na Papa Jules Ntabaza, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, mtu mpole ambaye alikubali mapema kwamba nyumbani kwake maswali yataulizwa na mwingine, na Mungu akawajalia watoto watatu, Shimwa aliyezaliwa mwaka 1997, Hirwa mwaka 2000 na Mukundwa mwaka 2004, wote wako hapa mbele yenu.

Mwezi Machi 2002 aliacha chaki, akaajiriwa kuwa mdadisi katika utafiti mkubwa wa kitaifa wa maisha ya kaya, ule ambao kila baada ya miaka mitatu unarudi kwenye nyumba zilezile, kwa watu walewale, na kuwauliza tena mambo yaleyale, wanakula nini, wanalima wapi, nani amezaliwa, nani amehama, nani hayupo tena. Alipewa kaya sabini na mbili, nyingine Rwimbogo, nyingine upande wa Ruhwa karibu na mpaka, nyingine Bweyeye kwenye msitu, ambako mwenye pikipiki hukuteremsha kwenye tope na kukutakia safari njema, na dada yetu akazitembelea raundi baada ya raundi hadi mwaka 2023, akihesabu katika kaya moja wote wanaokula chungu kimoja. Sheria ya kazi ilimkataza kupokea zawadi, na desturi yetu inamkataza mgeni kukataa, basi yeye alikuwa anaonja pombe ya ndizi funda moja, anashukuru, anafungua dodoso. Watu wakamwita Mama wa Maswali, na watoto waliokuwa mgongoni raundi ya kwanza, raundi ya mwisho ndio waliomfungulia mlango wakiwa na watoto wao.

Kila nyumba, kabla ya swali la kwanza, aliwaahidi kwamba watakachomwambia hakitatoka na jina lao. Ninyi mnaoishi hapa mnajua ugumu wa ahadi hiyo, kwa sababu hapa habari ya mtu haihitaji hata redio.

Sasa nafika mahali ambapo historia ya marehemu inataka tarehe na mahali, na mtaniwia radhi, hapa hamtavipata. Katika mwaka nisioutaja, katika sekta nisiyoitaja, binti mmoja wa ukoo wetu alikuwa anakaribia kuchumbiwa, na kama ilivyo desturi, kabla ya kuwapokea watu wa kijana kwenye gusaba, sherehe ya kuposa, tulitakiwa kuchunguza nyumba ile ni nyumba gani, na mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo. Nikapata habari kwamba dada yangu aliwahi kuketi ndani ya nyumba ile na makaratasi yake, nikaona Mungu amenirahisishia, nikaenda kumwuliza. Alinijibu hivi, na maneno yake nayajua kwa moyo: «Parfait, juu ya ile nyumba siko na kitu ya kukuambia, ya muzuri wala ya mubaya. Kesho bakikuja kuniuliza juu ya kwako, nitabajibu vilevile.»

Mimi nilifikiri nimeelewa. Kwetu ndugu akinyamaza juu ya posa, maana yake kuna ugonjwa, kuna uchawi, kuna mke mwingine aliyefichwa, basi nikarudi kwa wazee nikasema dada amekataa kuisifia nyumba ile, na gusaba ikavunjwa, kijana yule akadhalilishwa bila kosa tulilolijua, binti yetu akalia wiki nzima, naye Micheline aliposikia alinijia akaniambia nimekosea, lakini hakuongeza hata neno moja la kuitetea nyumba ile, na mimi nikamkasirikia yeye badala ya kujikasirikia mwenyewe. Miaka mitatu sikumsalimia dada yangu. Tulikuwa tunakaa kanisa moja, yeye benchi za mbele, mimi nyuma karibu na mlango.

Habari ya nyumba yangu mwenyewe naruhusiwa kuitoa, kwa hiyo hapa tarehe zinarudi. Mwezi Mei 2017 kaya yangu iliingizwa katika utafiti kuchukua nafasi ya moja iliyohama, akaja mwenzake Micheline kazini, Mugabo, kwa sababu hakuna mdadisi anayeruhusiwa kuwauliza ndugu zake, na biashara yangu ya Ruhwa wakati huo ilikuwa imekufa. Aliponiuliza ni siku ngapi mwezi ule watoto walilala bila kula, sijui kilichonifungua mdomo, nilisema siku sita, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Mugabo alipoondoka nikakumbuka kwamba Micheline sasa ndiye msimamizi, madodoso yote yanapita mkononi mwake, na aibu ikanishika vibaya. Nikaenda kwake nikamwuliza, kama tunavyomwita dada mkubwa: «Yaya, ulisoma?» Akasema: «Kusoma nini?» akanipakulia maharage. Hapo nikaelewa kimya chake juu ya ile nyumba nyingine, nikamwomba msamaha, na bado, bila haya, nikamwuliza kama walikuwa watu wabaya. Alinishika mkono, machozi yakamtoka, akasema: «Kimya yangu haikukuwa jibu, Parfait. Ilikuwa kimya tu.»

Msidhani alitaka majibu ya watu yafungiwe. Kuanzia 2018 aliitwa mara nyingi Kigali kusaidia kuandaa takwimu za raundi zote ili watafiti wa vyuo vikuu, wa hapa na wa nchi za mbali, waweze kuzitumia, naye alilipigania jambo hilo, akisema: «Batu balinijibu ili bisomwe, habakunijibu ili bilale mu kabati.» Lakini kijana mmoja wa kompyuta alipodhani kufuta majina kunatosha, yeye alimtolea mfano wa kubuni, kaya moja ya kando ya msitu iliyopata mapacha mara mbili, akamwambia kwamba hata ukifuta jina kila mtu huko anaijua, na hakuondoka mezani mpaka walipopata namna ya kuzificha kaya kama hiyo. Wiki hii tumepokea barua ya rambirambi kutoka kwa mtafiti asiyewahi kukanyaga wilaya yetu ya Rusizi, aliyetumia majibu ya miaka kumi na nane kuandika jinsi watoto wa mbali na barabara wanavyochelewa kuanza shule.

Dada yetu alianza kuugua mwezi Septemba 2024, figo zikawa hazifanyi kazi, akalazwa hapa wilayani, kisha akapelekwa Kigali kusafishwa damu, akavumilia bila kulalamika, na Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, akafariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Papa Jules, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Nilimpenda sana, na ile miaka mitatu hakuna atakayenirudishia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, padri na wanakwaya, majirani mliopika na kulala nasi chini, na wenzake wa kazini, Mugabo akiwa wa kwanza.

Kuna wengine. Tangu juzi wanafika watu tusiowafahamu, huyu na kikapu cha viazi vitamu, huyu na mkungu wa ndizi, mama mmoja amebeba viatu mkononi visiharibike njiani, na Shimwa, aliyekuwa anaandika wageni, alipowauliza ni akina nani kwetu na wametoka wapi, walijibu tu: «Andika tulikuwa tunamujua.» Akaniletea daftari akiuliza tujaze nini, nikamwambia aache mistari hiyo mitupu. Asanteni sana. Sitawataja, kwa sababu siwajui, kwa miaka ishirini na mitatu dada yetu hakutuambia jina lenu hata moja.

Yaya Micheline, pumzika kwa amani. Mimi sikuulizi tena.