Mifuko Kumi na Mmoja Iliyoganda

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na anayelikalia lazima aje na kiu ya kahawa na uhakika wa kutosha. Asubuhi ile tulikuwa wanne. Mimi na kopo langu la gundi. Barafu, anayeuza mabonge ya barafu kwa mkokoteni. Tanuri, mwoka mikate, ametoka zamu na unga bado umo kwenye nyusi. Na Timazi, fundi mwashi, tuliyempa jina la kile chuma cha kupimia ukuta kwa sababu kuta zake hazijawahi kupinda. Timazi alikuwa na balaa. Dada yake mkubwa alimkabidhi mifuko kumi na mmoja ya saruji ya kumwagia zege juu ya chumba cha watoto, na juu ya zege hilo likae tangi la maji. Yeye akaipanga mifuko ardhini, bila mbao, bila turubai. Mvua ikanyesha siku mbili. Mifuko yote ikawa mawe, zege linamwagwa kesho, na dada hajui lolote.

Timazi alifika na kofia yake mkononi, imejaa unga wa kijivu, akaiweka katikati ya vikombe.

Timazi: Angalieni. Bonge moja nimeliponda kwa nyundo, nikalitwanga, nikalichekecha kwa kipande cha chandarua. Lina tofauti gani na saruji ya dukani?

Barafu alichovya kidole, akausugua unga kwa gumba, akafumba jicho moja.

Barafu: Hakuna tofauti. Umepona, fundi. Kitu kikiganda kinaganduka. Jana bonge langu zima liliyeyuka mkokotenini, nikaona dunia inazunguka. Nikayakinga maji yaleyale kwenye ndoo, nikayarudisha kwenye friza, leo nimeuza.

Mimi: Umewauzia watu maji ya mkokoteni?

Barafu: Nimewauzia barafu, bwana! Maji yakipata baridi ni barafu, yakichemka ni mvuke, mvuke ukigusa kifuniko cha sufuria ni maji tena. Yanabadilisha nguo tu, mwenyewe ni yuleyule. Saruji nayo imelowa, ikakauka. Basi.

Timazi: Si ndivyo nilivyosema!

Alisema kwa sauti kubwa mno. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na ilikuwa wazi hakuja kuuliza, alikuja kuungwa mkono. Mimi nampenda yule bwana, nikajikuta natafuta pa kumuunga.

Tanuri: Taratibu kwanza. Mimi kila siku nakanda unga kwa maji. Mkate ukikauka nausaga. Lakini ule unga wa mkate uukande tena, hauumuki hata uuimbie.

Timazi akanywea.

Tanuri: Sasa unanywea nini? Sijamaliza. Mkate umepita motoni, na mharibifu ni moto. Kilichopata maji peke yake kinarudi. Kilichopata moto ndiyo kwaheri. Wewe saruji yako iliingia motoni?

Timazi: Wala.

Tanuri: Basi uko salama.

Mimi: Isitoshe, mnaiona gundi hii? Ikinikaukia koponi naitia petroli kidogo, inalainika, inashika soli vizuri tu. Kila kilichoganda kina dawa yake. Saruji nayo ina ya kwake, ni kuitafuta.

Naona aibu kuyaandika maneno hayo, lakini niliyasema nimenyoosha kidole.

Barafu: Hata moto mnausingizia. Kuni ikiungua inakuwa nini? Moshi na majivu. Sasa kusanya moshi wote kwenye gunia, changanya na majivu, kandamiza kwa nguvu. Kuni hiyo imerudi.

Tanuri: Umeshajaribu?

Barafu: Sijapata gunia lisilovuja.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Timazi naye alicheka, na kicheko kikampa nguvu.

Tanuri: Ponda mifuko yote leo. Jioni nikimaliza kuoka, tanuri likiwa vuguvugu tu, tunautandaza unga kwenye sinia zangu, maji ya mwisho yatoke. Kesho unamwaga.

Timazi: Na itashika?

Barafu: Itashika sana! Saruji kushika ni kukauka tu, hakuna uchawi hapo.

Maneno hayo yalimkuta dada mtu ameshafika, kikapu mkononi. Timazi aliikwapua kofia akaivaa kwa haraka, unga wote ukammwagikia usoni hadi mabegani.

Dada: Hamjambo jamani? Mdogo wangu, mbona umezeeka ghafla? Nimekuja kuuliza vibarua wa kesho ni wangapi, nijue nitapika kiasi gani. Na mnabishania nini?

Barafu: Tunamfundisha fundi, dada. Saruji kushika ni kukauka tu.

Dada: Kumbe? Afadhali nimewapata, maana jambo hili limenisumbua siku nyingi. Kisima chetu kilipopasuka, fundi alishuka akaziba ufa huku maji yamemfika kiunoni. Saruji akaibandika mlemle majini. Kesho yake ilikuwa ngumu kama jiwe, na maji hayajatoka kisimani mpaka leo. Ile ilikauka saa ngapi?

Alikuwa anauliza kwa moyo safi, anasubiri. Barafu alimtazama Tanuri. Tanuri alinitazama mimi. Mimi nikaanza kufunga kopo la gundi ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

Timazi pekee ndiye hakumtazama mtu. Alivua kofia, akajifuta macho kwa kiganja.

Timazi: Haikukauka, dada. Iliyanywa yale maji ikawa kitu kingine. Hata hii yako. Niliiacha mvuani, mifuko yote. Usipike kesho.

Dada aliweka kikapu chini. Aliugusa ule unga begani kwa mdogo wake, akautazama kwenye ncha ya kidole.

Dada: Na hii ndiyo ungeimwaga juu ya wanangu?

Timazi: Mpaka ulipouliza, dada, ndiyo.