Udongo wa Murera Uliotangulia Baharini

Katika foleni ya basi pale Thika, Mama Firdaus alisimama nyuma ya watu wawili wasiojuana, na kwa bahati njema hakuna aliyemwomba azibe masikio.

“Kwetu Wakikuyu hata samaki hatuli,” mzee Muriithi, mkulima wa Murera, alikuwa akimwambia Wakonyo, binti aliyekuwa amemsimulia safari yake papo hapo foleni, “nawe waenda Mombasa kusomea bahari! Baba yako amekataa kukubariki, na hajakosea.”

“Guka, tumechaguliwa wanafunzi kutoka nchi nane,” akajibu binti, akimwita babu kwa Kikikuyu. “Miaka yote bahari yetu hupimwa na wageni, kisha huondoka na majibu. Kituo hiki cha utafiti ninakokwenda kitatufundisha tuipime wenyewe.”

“Ya Mombasa wapime wa Mombasa.”

“Guka, unalima hadi ukingoni mwa mto?”

Mzee alikohoa. Mama Firdaus akajua kwamba analima.

“Mvua ikinyesha, udongo wako huteremka hadi mto Athi, nao huumwaga baharini kule Malindi, ukafunika matumbawe wanamozaliana samaki. Nani ataufuata, kama si mtu wa huku?”

“Haiya! Shamba langu limeiona bahari kabla yangu?”

Basi likasimama.

“Baba yako bado ana haki,” mzee alisisitiza, asije akaonekana ameshindwa. Hata hivyo alijitemea mate kifuani, kama wazee wa Kikuyu wanapobariki safari ya mtoto. “Nenda. Ukirudi, pitia Murera, unioneshe pa kuchimba matuta ya kuzuia udongo.”

Wakonyo alipanda basi bila kuyafuta machozi.