Waliokuja Kumsikiliza Mtoto wa Stempu

Benchi letu lina watu wanne wa kudumu, na mimi ndiye mwenye benchi kwa kuwa limeegemea kibanda changu cha kushona viatu. Mwisho wa kulia hukaa Wakili, ambaye si wakili. Ni karani wa mahakama aliyechapa kesi za wenzake miaka thelathini mpaka akaanza kuongea kama hukumu. Bi Pasi ana duka la kufua na kupiga pasi mlango wa pili, hivyo hukaa upande anaouona mlango wake. Injinia ni fundi wa pikipiki, na huwa anashika kikombe kwa vidole viwili ili asikipake oili. Wa nne ni Stempu, mzee aliyestaafu posta, anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo kisha analikunja likarudi kama halijaguswa. Kahawa hutoka kwenye chupa ya Bi Pasi. Jumatatu hiyo alasiri, Stempu alikuja mikono mitupu.

— Gazeti liko wapi? nikamuuliza.

— Sikununua. Nina jambo linanisumbua. Jumamosi nilikwenda ukumbini.

Tulijua ni ukumbi gani, na tulijua ni nani alikuwa jukwaani. Kitinda mimba wa Stempu aliacha chuo cha upimaji ardhi miaka sita iliyopita, akaingia kwenye hip hop. Baba yake alimwambia asikanyage nyumbani mpaka apate kazi inayoeleweka, na kijana akalichukua neno hilo kama lilivyo. Tangu hapo salamu zao zinapitia kwa mama. "Baba yako anakusalimia," mama husema kwenye simu, na baba yuko pale pale hajafungua mdomo.

— Ulikwenda kufanya nini, kaka? Bi Pasi akauliza taratibu.

— Wifi yako aliniomba nimsindikize, nikakataa. Alipotoka nikamfuata kwa nyuma. Nikasimama mlangoni, karibu na walinzi.

— Ukakuta wahuni, Injinia akasema.

— Nilitegemea hivyo. Nikakuta watu. Wauguzi wawili na sare zao za kazini. Wapakia mizigo wa sokoni. Watoto wa wenye nazo, wameletwa na dereva. Mama mmoja wa makamo ameweka pochi mapajani kama yuko kwenye ibada. Na bosi wako, Wakili.

— Bosi wangu yupi?

— Hakimu.

Wakili akaweka kikombe chini.

— Labda mtu anayefanana naye.

— Nimempelekea barua nyumbani kwake miaka kumi na moja. Alikuwa safu ya tatu. Na wote hao wanatikisa vichwa pamoja, kama wamenyonya ziwa moja. Sasa nielezeni. Nyimbo za mapenzi naelewa, kila mtu amewahi kupenda. Kwaya naelewa. Hii ya kuongea mbiombio kama mtu anayekimbiza basi, inawaleta watu wale pamoja kwa lipi?

Bi Pasi hakuhitaji kufikiri.

— Nguo. Mimi nafua za watu wa kila aina, nisikilizeni. Suruali ya kubana inamsema mwenye nayo: huyu ana tumbo, huyu amepungukiwa. Suruali pana ya hao wa hip hop haimsemi mtu. Ukishaivaa, hakuna anayejua umetoka wapi. Kuna meneja mmoja analeta suti tano kila wiki, na chini kabisa ya mfuko kuna sweta la kofia, kubwa, limeandikwa maneno kifuani. Ananiambia, "Hili usilitundike na za kazini."

— Hakimu alivaa shati la kuchomekea, Stempu akasema.

— Basi sweta lilikuwa ndani ya gari.

Wakili akatikisa kichwa. Alikuwa bado na hakimu wake.

— Hoja ya nguo naitupa. Hili ni suala la kusikilizwa. Mahakamani mtu anakuja na maneno aliyoyatunza mwaka mzima. Anafungua mdomo tu, anaambiwa ajibu ndiyo au hapana. Mimi nachapa: "Mshitakiwa amejibu ndiyo." Lakini yule kijana jukwaani anaongea dakika nne, na hakuna wa kumkatiza. Mpakia mizigo anapenda kwa sababu hajawahi kupewa hizo dakika nne. Muuguzi anapenda kwa sababu kazini yeye ni wa kuagizwa.

— Na hakimu? Stempu akauliza.

— Hakimu anakwenda kulipia dhambi ya kukatiza watu. Ngojeni miaka michache, mtu atajitetea kizimbani kwa mistari, na mimi nitatakiwa kuchapa na biti, ile midundo yake.

— Utaiandikaje biti? nikamuuliza.

— Hilo wataniletea mwongozo.

Wakati huo alikuwa amefika dada mmoja, mgeni kwetu, na kiatu kilichoachia soli. Nikampa kigoda akae, mguu mmoja pekupeku juu ya kipande cha boksi, nami nikaanza kupaka gundi. Injinia alikuwa akingoja zamu yake, na alipoona msikilizaji mpya akapandisha sauti.

— Nyote mko nje ya mashine. Injini ya pikipiki ina mapigo manne: inavuta, inabana, inalipua, inatoa. Hesabu muziki wa hip hop, mapigo manne. Kila binadamu kuna kitu amevuta, amekibana, hajapata pa kukilipulia. Masikini kabana, tajiri kabana. Yule kijana anawatolea moshi.

— Sio mbaya, Wakili akakiri.

— Bado. Tukichimba zaidi, inaanzia tumboni. Mtoto kabla hajazaliwa anasikia nini? Moyo wa mama. Du-kaa, du-kaa. Hiyo ndiyo biti ya kwanza ya kila mtu. Na hakimu naye alikaa humo miezi tisa, bila cheo.

— Kwa hiyo watu wote wale ukumbini wanataka kurudi tumboni? Bi Pasi akauliza.

— Kwa dakika nne tu.

Tulicheka, hata Stempu akatabasamu kidogo. Dada wa kiatu hakucheka. Alikuwa akimwangalia Stempu.

— Samahanini wazee wangu, shikamooni. Nimesikia ni mtoto wa mzee huyu. Kwani alikuwa anasema nini?

— Nani? Injinia akauliza.

— Huyo kijana. Mmeeleza nguo, injini na mahakama. Maneno yake yalikuwa yanasema nini?

Wakili akamgeukia Bi Pasi, Bi Pasi akamgeukia Injinia. Sisi hatukuwepo. Tukabaki tunamtazama Stempu.

— Nilikuwa naangalia watu, akasema.

— Muda wote?

— Saa nzima na robo.

— Hata neno moja, mzee?

Stempu alisugua goti lake.

— Nilisikia akisema "baba". Nikageuka, nikaanza kumwangalia hakimu.

Bi Pasi akainamisha chupa ili amwongezee kahawa, yakatoka matone mawili. Stempu akatoa simu mfukoni, akampigia mkewe.

— Mama watoto. Nipe namba ya mtoto.

Upande wa pili tukasikia sauti ndogo ikiuliza ni mtoto yupi.

— Unamjua ninayemsema.

Nikampa penseli yangu ya kuchoria ngozi, akaandika namba kwenye kipande cha soli. Aliisoma mara mbili kabla ya kupiga.

— Ni mimi, akasema. Baba yako. Hapana, hakuna aliyefariki. Mama yako mzima. Jumamosi nilikuwepo. Mlangoni. Sasa nataka ile yenye neno "baba". Sikuisikia vizuri. Niambie polepole, bila ngoma.

Injinia akamwashiria aweke spika na sisi tusikie. Stempu akapunga mkono kukataa, akainuka, akaenda kusimama peke yake kwenye ukuta wa duka la Bi Pasi, uso ukielekea ukutani, sikio moja amelifunika kwa kiganja. Nilimaliza kushona soli na dada hakuinuka kwenda. Akavaa kiatu chake, akakaa.

Stempu aliporudi hakumtazama mtu usoni. Tukasogea, akapata nafasi.

— Amesemaje? Wakili akauliza.

— Ni mambo ya nyumbani kwangu.

— Kama ni siri, acha.

— Siri gani, ameimba mbele ya ukumbi mzima. Anasema baba alipeleka maneno ya watu mji mzima, nyumba kwa nyumba, na akifika kwake mkoba ulikuwa mtupu. Anasema walikuwa wanakaa mezani wanangoja barua yao. Amesema na rangi ya kitambaa cha meza.

— Ni kweli? Bi Pasi akauliza kwa sauti ya chini.

— Rangi ni hiyo hiyo.

Akaongeza kuwa kijana atakuja Jumapili kula, na kwamba mama yake bila shaka ameshaanza kuwapigia simu ndugu wote. Dada akainuka, akakung'uta sketi. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kuelewa, si wa kubishana.

— Lakini mzee, meza hiyo ni yako, na kitambaa ni chako. Wauguzi, wapakia mizigo na yule hakimu hawajawahi kuingia kwako. Sasa walikuwa wanaitikia nini?

Injinia alifuta vidole vyake ambavyo havijawahi kutakata. Bi Pasi akawa anatazama mlango wa duka lake, ingawa hapakuwa na mteja. Dada akatuaga, akaenda zake.

Wakili ndiye aliyefuata kuinuka. Akasema anawahi nyumbani, nako kuna meza inayomngoja. Nimekaa na mtu huyu miaka mingi kwenye benchi hili, na sikuwahi kumsikia akisema anawahi nyumbani.